Maziwa ya Mtunza Stoo

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, mwaka 1994, saa moja kasorobo asubuhi, Makarius alikuwa akipima mahindi ya chakula cha mchana katika stoo ya shule ya bweni iliyokuwa nje kidogo ya Ilembo. Mizani ilikuwa ya chuma, ya kusimama, na alikuwa ameifuta vumbi kama alivyoifuta kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Alipoinama kuongeza debe la tatu, maziwa yalimtoka kifuani, yakapenya shati na kuacha madoa mawili yenye ukubwa wa sahani ya kikombe. Alimaliza kupima. Aliandika kilo zilizotoka, akafunga kalamu, akafunga mlango, akaenda nyumbani kubadili shati.

Binti yake Marsela alikuwa ameketi mkekani akimbembeleza mwanawe Enoka. Mtoto huyo alikuwa na siku kumi na nne, na maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka siku ya nane. Marsela alikuwa amekunywa uji wa karanga na supu ya kuku, hayakurudi. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha mtoto. Maziwa ya kopo hayakuwapo madukani, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata reli na treni haikuwa imefika mjini kwa wiki tatu.

"Baba, umemwagikiwa na nini?"

"Maziwa."

Marsela alilitazama shati kwa muda. "Ni yangu hayo," alisema. "Nilijua yapo mahali."

Akamkabidhi mtoto. Makarius aliketi kwenye kiti cha mbao, akafungua vifungo kwa mpangilio kuanzia juu, akampokea mjukuu wake. Enoka alinyonya kwa dakika ishirini, kisha akalala.

Mkuu wa shule, Mwalimu Evarist, aliarifiwa siku hiyohiyo kwa barua. Alimruhusu mtunza stoo kunyonyesha mara mbili kwa zamu, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwa sharti kwamba afanye hivyo ndani ya stoo na si mbele ya wanafunzi. Wapishi walizoea kabla wiki haijaisha.

"Mzee," alisema Sixte, mpishi mkuu, "chai ya walimu leo tutie ya kwako?"

"Pima chumvi, Sixte."

"Napima, mama."

Makarius aligeukia mizani yake. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni haikusema lolote kuhusu utani.

Katika pembe ya stoo kulikuwa na pipa la bati la kijani. Mahali palipobandikwa karatasi ya kiwandani palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu, na juu yake pakaandikwa kwa rangi nyeupe: DAWA. Neno hilo lilitosha. Katika nchi ile, kitu kilichoitwa dawa kilimezwa, kilipakwa, kilifukizwa au kilinyunyizwa, na mtu hakuuliza zaidi ya kipimo. Kipimo cha Makarius kilikuwa konzi mbili kwa gunia, akichanganya kwa mikono mitupu hadi kila punje ipate. Kunguni walipoingia bwenini, aliunyunyiza unga huo kwenye magodoro. Chawa walipotokea, alianza na kichwa chake mwenyewe ili wengine wasiogope. Mkwewe Ngusa, mume wa Marsela, aliyenunua dagaa Ikola na kuja kuwauza Mpanda, alipewa kopo moja kila safari ili wadudu wasiharibu mzigo. Makarius hakuwahi kumnyima. Familia yake ilikula mahindi ya stoo na dagaa wa Ngusa, na alijivunia kwamba katika nyumba yake hakuna punje iliyotobolewa.

Pipa hilo lililetwa mwaka 1991 na Antoni, bwana shamba wa wilaya. Antoni na Makarius walikuwa wamelala vitanda vilivyogusana kwa miaka minne katika shule ya wamisionari. Huko kila mvulana alishonewa namba kwenye shati na shuka ili nguo zisipotee kwa dobi. Antoni alikuwa Sabini na Moja, Makarius alikuwa Sabini na Mbili, na waliendelea kuitana hivyo hadi mvi zilipowaota. Katika shule ile uongo uliadhibiwa vikali kuliko wizi. Wao wawili hawakuadhibiwa kwa uongo hata mara moja, na Makarius alilitaja jambo hilo kila alipopata msikilizaji. Kwa hiyo Antoni aliposimama mlangoni mwa stoo na kusema, "Sabini na Mbili, hii ni dawa nzuri, hata mimi naitumia nyumbani," Makarius alisaini palepale.

Mwanzoni mwa mwezi wa Aprili Marsela alimpeleka Enoka kliniki, na Makarius akafuatana naye kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chakula. Nesi Annonciata, aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, alimtundika mtoto kwenye mizani yenye uso kama wa saa. Mshale ulisimama kwenye kilo kumi na moja. Enoka alikuwa na wiki sita. Mikono yake ilikuwa myembamba na uso wake mdogo kama wa mtoto yeyote wa wiki sita. Nesi aliigonga mizani kwa kidole, akaandika kumi na moja. Mwezi uliofuata ilikuwa kumi na tisa. Mwezi wa Juni mshale ulifika ishirini na tano, ukakaa hapo, kwa kuwa mizani ilikuwa imeishia hapo. Mstari wa kadi ulikuwa umetoka nje ya karatasi, na nesi alikuwa amegundisha kadi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kanga ya kumbebea ilikuwa imechanika, Marsela akawa anamfunga kwa gunia, na miguu ya kitanda ilikuwa imezama katika sakafu kiasi cha vidole vinne.

"Huyu hana nyama," alisema Annonciata. "Ana uzito tu. Nyie mnamlisha nini?"

"Maziwa ya babu yake," alisema Marsela.

"Na babu anakula nini?"

"Mahindi ya shule," alisema Makarius. "Na dagaa."

Nesi aliomba tone. Makarius alikamua kidogo kwenye kisahani cha bati. Nzi wawili walitua, wakanywa, wakalala ubavu, mmoja baada ya mwingine. Annonciata alikitazama kisahani, kisha akamtazama mtunza stoo.

"Mzee, maziwa yako ni dawa."

Hakufafanua kama alikuwa anasifu au anashtaki. Alikiosha kisahani mara tatu. "Kamuulize aliyekupa," alisema, akaita mtoto mwingine.

Jumapili baada ya misa Makarius alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Antoni. Mke wa Antoni alikuwa uani akiosha mahindi kwenye beseni, na maji yake yalikuwa ya kijivu.

"Karibu, Sabini na Mbili," alisema Antoni. "Umejaza kifua."

"Ninanyonyesha."

"Nimesikia. Pole."

Makarius hakuketi. Alikuwa anaangalia beseni. "Shemeji, mahindi haya yana nini?"

"Majivu, shemeji. Ya maganda ya maharage. Mzee hapa hataki dawa ya pipa ipite mlango huu, hata kwa kuku hataki."

Antoni alimwomba mkewe akapike chai. Alipobaki na mgeni wake, alieleza bila kusita, kama mtu aliyeulizwa njia. Barua ilikuwa imekuja kutoka juu mwezi wa Agosti mwaka 1991. Ilisema mapipa yazikwe mbali na maji. Ilisema unga ule hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, huiga homoni, humtunisha mtu mahali pasipostahili na kumkausha mahali panapostahili.

"Uliisoma kabla ya kuniletea au baada?"

"Kabla. Mapipa yalikuwa arobaini, ningeyazika wapi? Shule ina stoo, na stoo ina mtu mwaminifu asiyeuliza."

"Ulisema unaitumia nyumbani."

"Nilisema hivyo usije ukapata wasiwasi. Nilikuwa nakuhurumia."

Makarius alitazama kidole cha shahada cha rafiki yake. Alikuwa anakumbuka jinsi kilivyovuta mkia wa herufi W katika madaftari ya miaka minne. Herufi iliyokuwa kwenye pipa ilikuwa na mkia huo. Alikuwa ameiona kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku ilikuwa imempa amani.

"Asante kwa maelezo, Bwana Shamba," alisema.

Antoni alimsindikiza hadi njiani, akasimama akisubiri namba yake itajwe. Haikutajwa.

Tangu jioni hiyo Makarius aliacha mahindi ya shule na dagaa. Alikula mihogo ya bustani yake na mboga ya kisamvu. Siku ya nne maziwa yalipungua, siku ya saba yalikauka, na kifua chake kikawa kifua cha mwanaume wa miaka hamsini. Ngusa alileta makopo mawili ya maziwa kutoka Sumbawanga. Enoka aliyatema yote. Uzito ulimtoka mtoto haraka kuliko ulivyoingia. Siku ya tisa Marsela alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamweka magotini pa baba yake. Enoka alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa haitoki.

"Baba," alisema Marsela, "kula."

"Unajua ninachokula."

"Najua. Kula."

Makarius alikwenda jikoni, akapakua ugali wa shule sahani mbili, akala yote huku binti yake akimtazama. Maziwa yalirudi kabla ya kengele ya jioni.

Asubuhi yake aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, akasimama wima, akaeleza habari yote: barua, pipa, beseni la majivu. Aliomba ruhusa ya kulizika pipa. Mwalimu Evarist alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Tuna wanafunzi mia nne na ishirini," alisema. "Dumuzi wakiyamaliza mahindi, utawanyonyesha wote?"

Makarius alirudi stoo. Alichukua kisu, akalikwangua neno DAWA hadi bati likang'aa. Kisha alichukua rangi nyeupe na, kwa mwandiko wa shule ya wamisionari, ulionyooka, usio na mikia, aliandika: SUMU. Alisubiri rangi ikauke, akafungua mlango.

Sixte aliingia na ndoo kuchukua mahindi ya wiki. Alisimama mbele ya pipa, akasoma kwa sauti.

"Sumu," alisema, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Afadhali, mzee. Ile dawa wadudu walishaanza kuizoea."

Akachota konzi mbili.

Mwezi wa Agosti Antoni alipandishwa cheo akahamia Sumbawanga. Kabla ya kuondoka alituma pipa jipya, la kijani, lililokwanguliwa kwa kisu, na herufi W yake ilikuwa na mkia. Makarius alikataa kusaini. Mkuu wa shule alisaini kwa niaba yake, na pipa likaingizwa. Siku ya kliniki Enoka alipewa sabuni na kanga, zawadi ya mtoto aliyeongezeka uzito kuliko wote wilayani.

Saa nne kengele iligongwa. Makarius alitundika ufunguo msumarini, akaketi kwenye kiti kilichoimarishwa kwa vyuma vya reli, akafungua vifungo kwa mpangilio kuanzia juu. Marsela na Ngusa walimleta mtoto kwa toroli, mmoja akisukuma, mwingine akizuia lisipinduke, wakamwinua pamoja na kumlaza kifuani pa babu yake. Enoka alinyonya kwa dakika ishirini. Nzi walikaa mlangoni, hawakuingia.