Hodi Ndani ya Kabati la Vyombo

Usiku wa jana niliota ruta yetu ya intaneti inakohoa ndani ya kabati la vyombo. Ilikohoa kistaarabu, kama mgeni anayetaka maji lakini anaona haya kuomba.

Nieleze kwanza. Mimi ni seremala, nakaa Lushoto, bondeni, mahali ambapo simu peke yake haishiki kitu. Ndiyo maana tulifunga intaneti ya nyumbani. Mke wangu Mwantumu yuko Ujerumani, anauguza wazee. Mkataba wake unaisha, na wamempa mwingine autie saini. Juzi, tukiongea kwa video, akasema, "Mume wangu, nimeamua," na picha ikaganda, mdomo wazi, mkono hewani. Tangu hapo taa ya ruta ni nyekundu. Nimekaa na uso ule nikiuuliza umeamua nini, na niseme kweli, nimemkumbuka mpaka nashika kanga yake iliyobaki msumarini naitia puani.

Basi, ndotoni nafungua kabati. Ruta imekaa katikati ya masinia ya harusi, imefunikwa kitambaa alichokidarizi Mwantumu, chenye maneno Karibu Mgeni. Niliiweka humo mwenyewe siku ilipoletwa. Kitu cha thamani hakiachwi wazi kikala vumbi.

"Shikamoo, mzee," inasema ruta.

"Marahaba. Una nini?"

"Sina kitu. Nizime, subiri kidogo, niwashe."

Nikaizima. Lushoto yote ikazimika. Mvua ikasimama hewani, kila tone mahali pake, na ng'ombe wa jirani akabaki amenyanyua mguu. Mimi nilizimika hadi magotini. Buli la chai, ambalo tangu harusi huniita bwana harusi, likaniuliza hiyo kidogo ni muda gani. Nikasema sijui, walionifungia intaneti waliniambia kidogo tu. Mwantumu naye aliniaga akisema anakwenda kidogo.

Nilipowasha, sebule haikurudi. Niko huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja ni benchi refu lililowekwa ndani ya ule wimbo wa kusubirishia, na watu wamekaa humo, wengine wameota ndevu wakisubiri. Kwenye kaunta kuna pasi ya mkaa iliyovaa tai. Inanieleza kwamba mimi ni mtu muhimu sana kwao, kisha inasinzia. Inapozinduka inataka neno la siri.

Nikasogea, nikainong'oneza. Neno la siri aliliweka Mwantumu, nalo ni jina analoniita mlango ukishafungwa.

"Sauti haifiki, mteja."

"Kiazi kitamu," nikasema.

Benchi zima likarudia, kiazi kitamu, bila hata mmoja kucheka. Ningefurahi zaidi kama wangecheka.

"Hatua inayofuata," inasema pasi. "Sahau mtandao huu, kisha jiunge upya."

"Nausahau vipi?"

"Anza na madogo."

Akaja mama mmoja na kikapu cha kukusanyia vya kusahauliwa. Nikampa namna Mwantumu anavyoburuza ndala akienda jikoni. Kikapuni zikalia shwa, shwa, na kichwani mwangu jikoni pakawa kimya. Nikampa anavyonipulizia chai yangu kabla hajagusa yake. Mama akanyoosha mkono, sasa anataka kicheko cha Mwantumu.

"Kicheko sitoi," nikasema. "Na ndala nirudishie."

"Hutaunganishwa."

"Basi nisiunganishwe. Bora nimkose kwenye simu kuliko nimkose kichwani."

Pasi ikafuka moshi, ikasema sikio la kufa halisikii dawa, niende nikaangalie tatizo kwa macho yangu. Mama akakimwaga kikapu. Ndala zikaingia tena kichwani zikiburuza, taratibu, hazina haraka na mtu.

Nageuka, nimo ndani ya kabati, bega kwa bega na ruta. Nalijua kabati kwa mbao zake. Mninga huo niliuranda mwenyewe, mnene kama mlango wa boma. Nachungulia penye ufa. Nje kuna baraza, na barazani kuna watu wafupi kama vijiko, wamevua viatu. Kila mmoja amebeba kichwani kipande cha mke wangu: huyu nyusi, yule hereni, wengine wamesaidiana ule mkono uliobaki hewani. Nyuma yao bibi mmoja kabeba kitu kilichofunikwa kawa.

Nikawauliza mbona hawaingii.

"Tumepiga hodi mara tatu," anasema bibi. "Hakuna aliyeitikia. Mwenye adabu asipoitikiwa mara ya tatu, hurudi alikotoka."

"Mnarudi mpaka Ujerumani?"

"Kila siku. Na kila siku tunakuja tena, maana anatutuma tena."

Ruta ikaniambia kutoka chini ya kitambaa kwamba yenyewe husikia kitu kwa mbali, lakini kati yake na wageni kuna mninga, kuna masinia, na kuna upendo wa watu wenye kudarizi, halafu lawama zote zinakuwa zake.

Nikamwuliza bibi amebeba nini chini ya kawa. Akasema ni neno linalofuata "nimeamua". Nikamsihi anionyeshe kidogo tu. Akanijibu kwamba mzigo wa watu haufunuliwi njiani. Hofu ikanishika. Je, neno lenyewe likiwa ni "nabaki"? Siku zote hizi nalililia, na sasa mkono uko kwenye kitasa na hausogei. Bibi akainama kutafuta viatu vyake.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni ndani, hata kama ni hilo."

Nikakivuta kitambaa, nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka na upande wake wa kitanda ulikuwa baridi kama kawaida. Sebuleni nikakuta kabati liko wazi, na ufunguo wake nilikuwa nimeulalia chini ya mto. Kitambaa kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa pembetatu. Mimi sikunji vitambaa. Taa ya ruta ilikuwa ya kijani, na simu ikalia mara moja. Ulikuwa ujumbe wa sauti.

"Kiazi kitamu," akasema Mwantumu. "Juzi nilikwambia nimeamua kurudi nyumbani, ukanitazama tu, kimya, hata hukupepesa macho. Nikajua hunitaki tena. Sasa nimeota niko mlangoni kwetu napiga hodi, hakuna anayeitikia. Mara ya tatu nikainama nichukue viatu, ndipo nikasikia kama sauti yako. Niambie kama ni wewe. Hodi, mume wangu."

Nikaketi sakafuni mbele ya kabati, nikaishika simu kwa mikono miwili, nikamwitikia.