Kifuu cha Kwanza

Isikeli alisimamia ujenzi wa madaraja kote Viti Levu, kisiwa kikubwa cha Fiji, mpaka mvi zikamjaa kichwani. La mwisho lilikuwa hili la kijiji cha Naivaka. Mafuriko yalimkalisha huko miaka, akala dalo, magimbi ya wanakijiji, akaenda nao misibani na harusini. Siku ya kulifungua ndiyo siku aliyokuwa anastaafu, na alitaka kitu kimoja tu: anywe kifuu cha kwanza cha kava, kile kinywaji cha mizizi cha sherehe, mbele ya watu wote.

Tatizo lilikuwa Filimone, bwana mdogo wa shati la pasi aliyeletwa juzijuzi kupokea kazi yake. Katika daraja zima, huyo alikuwa amemwaga zege la nguzo moja, ile ya mwisho. Na leo ndiye aliyeketishwa juu, kwenye mkeka mpya! Isikeli aliwekwa chini, karibu na beseni la kava, katikati ya wanaume wa kijiji. Kifuu kilipojazwa, mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka. Kikampita, kikaenda kwa Filimone. Isikeli akaushusha mkono, akajikuna goti.

Akamwinamia Ropate, mkulima aliyeketi ubavuni pake.

“Ile nguzo aliyoimwaga yule,” akanong'ona, “mwanangu simruhusu apite juu yake.”

Ulikuwa uongo mtupu. Zege lile alilikagua mwenyewe, halikuwa na kasoro. Ropate akamgeukia wa pili, na maneno yakazunguka beseni upesi kuliko kava.

Mwishowe kifuu kikamfikia Isikeli. Mzee Aporosa, msemaji wa chifu, akakohoa.

“Kwetu mgeni hunywa kwanza,” alisema. “Wewe, Isikeli, ugeni ulikutoka siku nyingi. Chifu amekukatia kiwanja pale darajani. Kunywa na ndugu zako.”

Akanywa, machozi yakimlenga. Alitaka kuyafuta maneno yake palepale, lakini aibu ikamfunga mdomo.

Asubuhi daraja lilikuwa tupu. Watu na mizigo yao walivuka kwa mitumbwi kama zamani. Isikeli akasimama katikati ya daraja, akawaita, akawaapia kwamba nguzo zote ni nzima.

“Usijisumbue, kaka,” Ropate alimjibu kutoka mtumbwini. “Tunajua unamsitiri kijana wa watu. Sisi tumeshika lile ulilotuambia jana, maana wewe ni wetu.”