Wanyama wa Bukini

Simeoni alikuwa mkweli kuliko watu wengi pale Misigiri, na bado kwa miaka thelathini waliomzunguka walimwita mwongo. Chanzo kilikuwa wanyama. Wakati wa vita ya Hitla alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akavushwa bahari hadi Bukini, kisiwa ambacho siku hizi kinaitwa Madagaska. Kikosi chake kiliwekwa kulinda daraja la reli ndani ya msitu, na alikaa huko miezi saba. Wenzake waliporudi walisimulia mizinga. Yeye alisimulia alichokiona kwenye miti.

Alisema kuna mnyama mweusi na mweupe, ukubwa wake kama mtoto wa miaka sita, uso kama wa mbwa, mkia hana. Kila asubuhi huyo mnyama huimba. Halii, anaimba, mume na mke wakipokezana mpaka sauti inafika mlima wa pili. Wenyeji humwita babakoto, na hawamuui kwa sababu wanamhesabu kuwa ndugu yao. Alisema kuna kalunguyeye mwenye mistari ya manjano, na ndege wa buluu mwili mzima aliyezungukwa na wanja machoni. Simba hakuna. Fisi hakuna. Chui hakuna, na nyoka wa kule hawaui mtu.

Hapo watu waliangua kicheko. Msitu usio na chui! Wakamwomba awaonyeshe na ng'ombe wanaotaga mayai.

Dorika, mke wake, hakumcheka. Lakini alipokwenda kisimani wanawake walimuuliza, "Babakoto ameamkaje leo?" naye aliinamisha uso kwenye mtungi wake. Jioni alimwambia mumewe, "Baba Yunisi, hayo maneno yanatuvunjia heshima."

"Nimeyaona kwa macho yangu."

"Basi yaone kimya kimya."

Aliyemwamini alikuwa Yunisi, binti yao wa pekee, aliyezaliwa wakati Dorika ameshakata tamaa ya kuzaa. Yunisi aliuliza kila kitu. Nani huanza kuimba, mume au mke? Mvua ikinyesha je? Mtoto wao hubebwa tumboni au mgongoni? Simeoni alijibu yote, na asilolijua alisema, "Hilo sikuliona, mwanangu."

Mwaka 1974, mwezi wa nane, katibu wa kata aliitisha mkutano. Alikuwa kijana aitwaye Gabrieli, mchapakazi, mwenye haraka. Akatangaza kwamba kitongoji kizima kitahamia kijiji kipya, chini ya mlima, upande wa Shelui, mahali tambarare palipo karibu na barabara. Kutakuwa na shule na zahanati. Nyumba zitajengwa kwa mstari.

Simeoni akanyanyua mkono, akasimama.

"Ndugu katibu, mimi kuhama sikatai. Nakataa pale. Mwaka wa Uhuru nilichunga ng'ombe pale. Mvua ilinyesha huku juu siku tatu, kule chini jua linawaka, na maji yakaja kutoka mbugani bila kishindo. Yalinifika hapa." Akagusa kifua chake. "Tusogee juu kidogo tu, kwenye kile kilima cha mawe."

Waliowahi kuchunga naye kule walikuwa wawili. Mmoja alishakufa, mwingine alihamia Manyoni. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Na babakoto naye alikuwa anaogelea?"

Mkutano mzima ukacheka. Gabrieli, ambaye hakujua habari hiyo, aliuliza, akaelezwa, naye akacheka. Lakini alikuwa mtu wa kutaka haki ionekane. Akamgeukia Dorika.

"Mama, wewe ndiye unamjua. Haya ya maji ni kweli?"

Dorika alisimama. Mwaka wa Uhuru mumewe alirudi kutoka malishoni na ng'ombe wanne pungufu, nguo zimeganda tope, akamweleza habari hiyo hiyo. Alikumbuka vizuri. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na alichoka kuwa mke wa mtu wa kuchekwa.

"Mume wangu anapenda hadithi," akasema, akakaa.

Simeoni hakumtazama. Aliketi chini polepole, akaweka mikono juu ya magoti.

Wakahama. Miaka mitatu mvua zilikuwa haba, na kijiji kilionekana kuwa na baraka. Yunisi aliingia shule. Dorika alijiandikisha kisomo cha watu wazima, akajifunza kuandika jina lake kwa mwalimu Luciana. Simeoni alilima, alisali Jumapili na wenzake, aliwasalimu watu wote. Ila habari za Bukini aliziacha. Yunisi akimwuliza, alijibu, "Nimesahau."

Mwaka wa nne, mwezi wa Aprili, mtama ulikuwa umekomaa na kweleakwelea walishuka kwa maelfu. Yunisi, akiwa na miaka kumi na mitatu, alipewa zamu ya kuamia ndege. Alikaa juu ya dungu katikati ya shamba, kombeo mkononi, akipiga kelele. Mvua ilikuwa inanyesha milimani siku ya tatu. Kule chini jua lilikuwa linawaka.

Saa tisa alasiri Simeoni aliona kuku wanapanda juu ya matuta. Akatupa jembe, akakimbia akiita jina la binti yake. Maji yalikuwa yameshaingia mtamani, ya kahawia, yanakwenda taratibu kama mtu asiye na haraka. Yunisi alimwona baba yake akampungia mkono.

"Baba, nishuke?"

"Usishuke! Kaa hapo hapo! Nakuja!"

Aliingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Nguzo za dungu zililegea ardhini. Lilianguka upande, bila sauti kubwa, na alipofika pale alishika majani ya kuezekea tu. Wanaume wanne walimvuta kwa nguvu kumtoa.

Walimpata Yunisi siku ya pili. Walimzika mwisho wa kijiji, palipokauka kwanza.

Kila siku Dorika alingoja alaumiwe. Alipika, akaandaa, akangoja. Mumewe alikula, akasema ahsante, akatoka nje.

Mwezi wa Juni lilikuja sanduku la vitabu kwa ajili ya maktaba ya kijiji. Mwalimu Luciana aliwagawia wanakisomo kila mmoja kimoja wajaribu kusoma. Dorika alipata chenye picha. Alifungua katikati akaona mnyama mweusi na mweupe, ameshika mti, uso wa mbwa, mkia hana. Akaweka kidole chini ya herufi kubwa.

"Ba," alisoma. "Ba. Ko." Akaishia hapo.

"Endelea, mama," Luciana akasema.

Dorika alitoka darasani na kitabu kikiwa wazi mikononi. Alimkuta Simeoni ananoa shoka, akapiga magoti mbele yake, akakiweka mapajani pake. Simeoni alifuta mikono. Alitazama ile picha, akafunua ukurasa, akamwona kalunguyeye wa mistari, akafunua tena, akamwona ndege wa buluu.

"Ndio hawa," alisema.

"Ulisema kweli. Baba Yunisi, yote ulisema kweli, na mimi..."

"Dorika." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Siku ile sikutaka uniamini habari za wanyama. Nilitaka uniamini habari za maji. Hayo uliyajua." Akafunga kitabu. "Rudisha kitabu cha watu."

Dorika alikirudisha. Jumamosi iliyofuata, mkutanoni, aliomba kusema. Akaeleza mbele ya watu wote kwamba mwaka 1974 alijua ukweli na akauficha kwa aibu. Hakulia. Aliomba kijiji kihamie kilimani kabla ya mvua. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyewahi kuuliza kama babakoto aliogelea alitoka nje, akabaki huko.

Gabrieli alikuwa ameshahamishwa wilaya nyingine. Katibu mpya alikubali. Siku ya kupima viwanja walimwomba Simeoni aongoze, naye akapita kilima chote na mpini wa jembe, watu wakimfuata kwa heshima. "Hapa, mzee?" wakauliza. "Hapa." "Na hapa?" "Hapo sogea juu hatua kumi." Aliwachagulia wote, mpaka wajane.

"Na chako, mzee?"

"Mimi nabaki chini."

Walimsihi. Alisema hawezi kumwacha mtoto peke yake kule.

Kijiji kilipohama, tembe moja tu, nyumba ya Simeoni, ilibaki tambarare. Ndugu zake Dorika walikuja kumchukua wakiwa na mkokoteni. Aliwapa vinu na magunia, akawaambia watangulie. Kisha akachukua jembe, akaenda kulipalilia kaburi, na Simeoni, baada ya kusimama mlangoni kitambo, akaja akaanza kupalilia upande wa pili.