Kipimo Nilichokitaka Mimi

Mshenga alipoleta posa ya Amiri, nilimjibu palepale ukumbini: "Baba yake ana mguu wa matende. Mwanangu haingii nyumba ile mpaka kijana apimwe damu." Mume wangu Rashidi alinifinya. Sikujali. Mdomo wangu Kiswere nzima inaujua.

Jumatatu asubuhi tukakutana zahanati: Amiri na mama yake, Bi Kazija, mimi na binti yangu Nusaiba. Nikataka majibu yasomwe mbele yetu sote, asije mtu akaficha kitu. Bi Kazija akakubali kwa upole ulioniudhi.

Nesi Devota alimtoboa Amiri kidole, akadondosha damu kwenye kibao kidogo cha kipimo. Mstari mmoja, mzima; miwili, ana minyoo ya matende. Tukasubiri dakika kumi. Ukatoka mmoja. Naona haya kusema, lakini niliendelea kukikodolea macho nikingoja wa pili.

"Matende hayarithiwi, mama," Devota akaniambia. "Yanaletwa na mbu, na mbu hachagui nyumba. Maadamu mmefika, nanyi pimeni."

Nusaiba akawahi kutoa kidole, huku akimtazama mama mkwe wake mtarajiwa kwa tabasamu. Devota akauliza kama majibu haya nayo ayasome mbele ya wote.

"Yasome!" nikasema. "Sisi hatuna cha kuficha."

Ilitoka mistari miwili.

"Kibovu hicho!" nilifoka. "Mtazame miguu yake ilivyo mizuri!" Devota akarudia kwa kipimo kingine. Miwili tena. Akaeleza kwamba minyoo hukaa mwilini miaka mingi bila kuonekana, kwamba dawa ipo, na kwamba heri imejulikana mapema. Nilimsikia nusunusu. Macho yangu yalikuwa kwa Bi Kazija.

"Bi Kazija, dada yangu," nikaanza, mimi ambaye sijawahi kumwita dada.

Alikwisha simama, anajitanda kanga yake. "Twende, Amiri. Kama kwa mama Nusaiba lilikuwa jambo la kusimamisha posa, na kwetu ni jambo. Tutazungumza na baba yako."

Amiri alimtazama Nusaiba, kisha akamfuata mama yake.

Nusaiba hakulia. Alipokea karatasi ya dawa, akaikunja. "Mama," akasema, "mimi ningempokea hata angekuwa nayo."

Nikamshika mkono. Akautoa.