Mkasi Usiokata Karatasi

Duka la fundi Mudathiru, karibu na soko la Gisenyi, lilikuwa na sheria moja: mkasi wake mkubwa ulikata kitambaa tu. Aliyethubutu kuugusisha karatasi alifukuzwa, hata awe mteja wa miaka kumi. Karatasi humaliza makali, na mkasi butu humwaibisha fundi.

Dirishani mwa duka hilo lilitundikwa koti jeupe la daktari. Mudathiru alikuwa amemshonea binti yake, Saidati, kabla binti hata hajafanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. "Dokta, habari ya leo?" wapita njia walimwita, naye Saidati aliitika huku akitazama viatu vyake.

Ili koti lisije likawa la bure, Mudathiru alimpeleka kwenye tuisheni ya Mwalimu Narcisse, ambaye kila mwaka alitundika ukutani bango lenye sura za waliofaulu. Kwa Narcisse kazi ilikuwa kukariri. "Soma maneno matatu ya kwanza ya swali, jibu unalo," alifundisha. "Anayesoma swali lote anapoteza muda." Saidati alikariri majibu mia nne.

Mwezi wa nne alipanda mlimani, Kanzenze, kumsalimu bibi yake mzaa mama, Mukarugwiza. Maharage yalikuwa jikoni tangu asubuhi.

"Bibi, kwetu mjini yangekuwa yameiva."

"Ya huku iko na kiburi," bibi akasema. "Mamako alipoolewa huko chini aliniambia hivyo hivyo. We umesoma. Niambie sababu yake."

Saidati akafungua kinywa. Alilojua ni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi mia moja. Ndilo jibu la Narcisse, na wiki iliyopita alikuwa amepigiwa alama ya vema kwa jibu hilo. Juu ya maharage hakuwa na neno.

"Basi," bibi akacheka, "mutu akisoma sana anakuwa bubu."

Jumapili iliyofuata alipanda tena, na kipimajoto alichoazimwa shuleni. Maji ya bibi yalitokota kwenye nyuzi tisini na tatu. Saidati akaliweka kando daftari la majibu, akafungua kitabu, akasoma mpaka akaelewa: kadiri unavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Alifurahi peke yake njia nzima hadi mjini.

"Baba," alisema jioni ile, "mi sirudi kwa Mwalimu Narcisse."

Mudathiru akasimamisha cherehani. "Imebaki miezi mitatu. Watu watasema nini?"

"Mteja akikuletea kitambaa, unamupima, ao unashona vipimo vya mteja wa mwaka jana?"

Fundi akautazama utepe wake wa kupimia. Alikuwa ameguswa penyewe.

"Bon, sawa. Soma unavyotaka. Lakini koti haitoki dirishani. Ukifeli, utaitoa wewe mwenyewe, mchana, watu wakiona."

Saidati aliogopa macho ya watu kuliko nyoka. Akakubali.

Siku ya mtihani, swali la nne lilianza na maneno yale yale: maji huchemka. Kushoto na kulia akasikia kalamu zikianza kukimbia. Yeye aliendelea kusoma, na mwishoni mwa swali akamkuta muuguzi wa zahanati ya mlimani, anayetaka kuua vijidudu kwa maji ya moto. Saidati nusura acheke. Ilikuwa kama bibi yake ameingia chumbani bila kibali, na sufuria yake mkononi. Akaandika ukurasa mzima.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari. Kesho yake bango jipya likaonekana kwa Narcisse. Katikati, kubwa kuliko zote, ilikuwa sura ya Saidati, picha ya siku aliyojiandikisha tuisheni.

Mudathiru akatoka dukani na mkasi mkononi. Saidati akamfuata, uso ukimwaka.

"Pongezi, mzee Mudathiru," Narcisse akampokea. "Tumemufikisha."

"Aliwaacha mwezi wa nne."

"Lakini alianzia kwetu."

"Hata kwa mkunga alianzia, na mkunga hajatundika bango. Niazime kiti."

Wanafunzi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Narcisse akasogeza kiti kama mtu asiyejua mikono yake inafanya nini. Fundi akapanda, akakata. Turubai la bango lilikuwa gumu, mkasi ukalia, lakini akaendelea kukata. Sura ikatoka nzima, bango likabaki na tundu.

"Baba, mkasi wako," Saidati akanong'ona.

"Umekufa. Chukua, utakatia karatasi huko chuoni."

Walirudi dukani na msururu wa watu nyuma yao. Mudathiru akaonyesha dirisha. "Itoe sasa. Mchana, watu wakiona."

Saidati akapanda kwenye stuli, akalitungua koti, akalivaa. Safari hii hakutazama viatu. Mikono ya koti ilimfunika hadi kwenye vidole, kwa maana lilishonwa kwa kukisia, na baba yake alikuwa tayari anatafuta utepe.

"Simama vizuri," akasema. "Nikupime."