Samahani ya Mwalimu wa Hesabu

Simu ililia tena darasani, na mwalimu wa hesabu akaacha kuandika ubaoni. Wanafunzi walikuwa wamejaa mpaka miguuni pake. Akigeuka vibaya, sketi yake hufuta vumbi la madawati ya mbele.

"Ya nani hiyo?" aliuliza, ingawa alijua.

Nyuma, karibu na dirisha, mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa ameshaipokea. Wenzake walimwita Mheshimiwa.

"Niko tu," alisema kwenye simu bila kupunguza sauti. "We ongea. Hapa hakuna la maana."

Darasa likacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Mwalimu alipita kwa ubavu katikati ya madawati, akanyoosha mkono. "Lete."

"Subiri basi nimalize, Madam."

Hakusubiri. Aliichukua, akamwonyesha mlango. Kijana akatoka akipiga mluzi, mikono mfukoni.

Kipindi hakijaisha, mwalimu akaitwa ofisini.

"Kaa, binti yangu," alisema mwalimu mkuu. Kiti kilikuwa kimelemewa na mafaili, akabaki amesimama. "Baba yake amenipigia. Anauliza tangu lini mwanawe ananyang'anywa vitu kama kibaka."

"Sheria ya simu uliibandika mwenyewe mlangoni, mzee."

"Niliibandika. Lakini kuna watoto, na kuna watoto." Mwalimu mkuu alijikuna shingo, hakumtazama. "Wewe hujathibitishwa kazini bado. Wa kukuthibitisha ni nani? Bodi. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Niubusu mbele ya wanafunzi?"

"Ulimtoa mbele yao. Yamalize hapo hapo."

Jibu alikuwa nalo, tena kali. Halafu akamkumbuka mama yake, asiyeinuka kitandani siku hizi, na wadogo zake wawili waliobanana naye chumba kimoja. Akalimeza.

Walirudi darasani pamoja. Mheshimiwa alikuwa ameshaketi mahali pake.

"Samahani," alisema mwalimu.

"Kwa sauti, mwalimu," mwalimu mkuu alimwambia kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto wa darasa la kwanza.

"Samahani. Nilikosea kukuchukulia simu."

Akamnyooshea simu, na kijana akaipokea bila kusimama. "Yameisha, Madam. Usirudie tena."

Mwalimu mkuu alijifanya anakagua kitasa cha mlango, kisha akaenda zake.

Mwalimu aliokota chaki. Akaandika swali ubaoni, herufi zikipinda, akafuta, akaandika upya. Akageuka.

"Nani atakuja kulikokotoa?"

Msichana wa dawati la mbele, anayejua hesabu kuliko wote, aliinua mkono nusu, akaushusha. Shingo zikageuka moja moja kuelekea dirishani.

Mheshimiwa alipangusa kwanza kioo cha simu kwa shati lake, bila haraka. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Mikono ikainuka darasa zima.