Rufaa ya Nyonga ya Kushoto

Barua ya Ronnie ilifika Jumatatu, na Corinne Aasen akaifungua. Usimhukumu haraka. Bahasha ilikuwa na jina la mumewe, hilo kweli, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kufungua barua ya Verlyn, hata ya benki. Lakini hii ilikuwa nene, na mwandiko ulikuwa wa mwanamke, tena mzuri. Roho ilimchoma kuanzia kwenye sanduku la barua barabarani mpaka jikoni, theluji ikamwingia viatuni asijali.

Ronnie ni Rhonda Kessler wa mji wa Duluth. Walikuwa jeshini pamoja, yeye na Verlyn, kampuni moja ya malori, vita vya Ghuba. Kule jangwani Verlyn aliruka kutoka kwenye lori, goti la kulia likavunjika, na Ronnie ndiye aliyemburuta mpaka kivulini. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa Verlyn hujifungia gereji akampigia simu, saa nzima. Saa nzima! Mwanamume ambaye mkewe akimwuliza siku ilikuwaje husema "si mbaya," kisha anainamia sahani. Corinne husikia kicheko chake kupitia ukutani, akasugua sufuria ambayo imeshatakata.

Goti serikali ililikubali zamani kuwa jeraha la vita, ikamlipa fidia. Tatizo ni nyonga. Mtu akichechemea miaka mingi kulikwepa goti la kulia, mzigo wote huhamia kushoto, na nyonga ya kushoto ya Verlyn ilikuwa imelika. Aliomba itambuliwe kuwa ugonjwa huu umezaliwa na ule, akakataliwa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Daktari wa kumpima alimwuliza, "Unaendeleaje, Bwana Aasen?" Naye akajibu kama kila mtu wa huku kaskazini mwa Minnesota anavyojibu, hata akiwa amekatwa kidole na msumeno: "Si mbaya. Siwezi kulalamika." Lo! Daktari naye akaandika: mgonjwa halalamiki, na hakuna ushahidi kwamba ameumwa miaka yote hiyo.

Sasa rufaa ilikuwa isikilizwe Alhamisi. Hokanson, afisa wa kaunti anayewasaidia wanajeshi wastaafu, hakumung'unya maneno. "Tunataka mtu anayejua umeteseka tangu lini. Shahidi. Bila shahidi tunaenda kuchoma petroli bure." Wakishindwa, Verlyn angeendelea na kazi yake, kupanda lori la kusukuma theluji, ngazi nne, kila alfajiri, mpaka siku nyonga itakapomwangusha chini ya magurudumu.

Corinne alikuwa amekaa palepale ofisini, akingoja mumewe amgeukie. Verlyn akasema, "Nitamwomba Ronnie."

Ronnie! Anayekaa mwendo wa saa tatu kwa gari! Na mke wa ndani je, yeye ni kabati?

Basi akaisoma ile barua amesimama, koti mwilini. "Miaka tisa sasa ananiambia," Ronnie aliandika. "Kitandani hawezi kulala, analala kwenye kiti cha sebuleni. Novemba alianguka kutoka kwenye lori, akalala kwenye theluji robo saa, na wenzake akawaambia anakagua minyororo ya magurudumu. Jumamosi, kule gereji, huwasha mashine ya kunolea vyuma ili aweze kulia asisikike. Nayajua haya kwa sababu huwa namwuliza, naye hunijibu."

Huwa namwuliza! Corinne aliona kabisa ananyooshewa kidole. "Mwanamke huyu ananisema," alisema kwa sauti, jikoni peke yake. "Anakaa kwake Duluth, ananisema mimi, ndani ya nyumba yangu!" Akaikunja bahasha, akashuka chumba cha chini ya nyumba, akaitia kwenye friza chini ya samaki wa kiangazi kilichopita. Alipofunga mfuniko alijisikia vizuri mno, na uzuri ule ukadumu kama dakika tatu.

Jumanne Verlyn aliuliza kama kuna barua. "Hakuna." Jumatano akauliza tena, amejishikilia ukingo wa meza. "Hakuna," Corinne akasema, akampakulia viazi.

"Alisema ameituma."

"Labda kasahau. Watu husahau."

"Ronnie hasahau."

"Haya, Ronnie hasahau!" Akakibwaga kijiko. "Ronnie malaika! Mimi je? Mimi sina macho? Kwa nini hukuniomba mimi?"

Verlyn alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Hakuwa na ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Wewe umeona nini, Corinne?" akauliza. "Nilijitahidi sana usione." Halafu akasema kesho asubuhi atampigia Hokanson waifute rufaa, maana hakuna haja ya kumsumbua jaji, na viazi ni vitamu.

Corinne hakulala. Wivu anaujua, ameishi nao kama mtu na mama mkwe. Lakini kumwacha mtu wake apande tena zile ngazi kwa sababu ya mwandiko wa mwanamke mwingine, hapana, hapo alijitisha mwenyewe. Asubuhi alimwambia, "Usimpigie mtu simu. Vaa, twende."

Kikao kilikuwa katika chumba kidogo chenye skrini, na jaji alikuwa ndani ya skrini, mama wa makamo mwenye miwani. "Habari za asubuhi, Bwana Aasen. Unaendeleaje?"

"Si mbaya, mheshimiwa."

Hokanson alifumba macho. Corinne akasimama bila kuitwa, akaapishwa, akatoa bahasha mkobani. Ilikuwa imelowa na inanuka samaki. Verlyn aliutambua mwandiko mara moja.

"Hii ilikuwa wapi?" Hokanson akanong'ona.

"Kwenye friza."

"Kwenye friza?" Jaji naye alikuwa amesikia.

"Ndiyo, mheshimiwa. Niliificha mimi. Kwa wivu."

Akaisoma yote, neno kwa neno, kwa kinywa chake, sifa za Ronnie na yote. Alipofika kwenye "huwa namwuliza," hakuliruka hata hilo, akaendelea. Jaji alisubiri amalize. "Bi Kessler anaeleza aliyoyasikia kwa simu," akasema. "Wewe, Bi Aasen, unaishi naye. Haya ulikuwa unayajua?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akisema hapana, atakuwa mke aliyefichwa mambo, na dunia nzima itamwonea huruma, hata Ronnie. Corinne alizitazama huruma zote hizo zikipita, akaziacha ziende.

"Nilikuwa nayajua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kwanza alipohamia kwenye kiti. Miaka tisa. Jumamosi akiwasha ile mashine, mimi naongeza sauti ya redio. Nilikuwa namsikia. Ile mashine si kubwa hivyo."

Verlyn aligeuka kitini polepole, maana haraka hawezi. "Ulikuwa unanisikia?"

"Kila Jumamosi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie!" Machozi yalimtoka sasa, mbele ya serikali. "Kwetu mtu akijificha, adabu ni kujifanya huoni. Wewe ukajificha, mimi nikawa na adabu. Yeye hana adabu, akakuuliza. Namwonea wivu mpaka tumbo linaniuma."

Jaji alimgeukia Verlyn, akamwomba aeleze mwenyewe. Naye akaeleza, dakika ishirini, ameyakaza macho kwenye meza, maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia bila ukuta katikati.

Uamuzi ulifika Mei, barafu ikiwa imeshatoka ziwani. Bahasha ilikuwa na jina la Verlyn, na Verlyn akampa Corinne aifungue. Nyonga imekubaliwa! Akaruka, akapiga makofi, halafu, Mungu amsamehe, akaanza kutafuta jina la Ronnie. Lilikuwapo, katika mistari miwili: habari za simu, zina uzito mdogo. La kwake lilikuwa na aya nzima. Baraza la rufaa limeegemea zaidi ushahidi wa mke, waliandika, kwa kuwa alikuwa chumba cha pili kwa miaka tisa, akimsikia mumewe akilia, naye akanyamaza. Baraza linamwamini.

Amemshinda Ronnie. Imeandikwa na kupigwa muhuri.

"Wanasemaje?" Verlyn akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Wamekubali."

"Na nini tena? Mbona umesimama hivyo?"

Corinne akaja, akakaa karibu naye, akamsomea na ile aya, hata pale paliposema alinyamaza.